Diski Nyuma kwa Ndae ya Kitambo: Milima ya Mbooni Inasema Ndio, Mchanga wa Kitui Unasema Ngoja

Kuna stori inazunguka kwa magereji kuanzia Emali hadi Mwingi: toa dramu nyuma, dunga diski, na gari itasimama kama imegonga ukuta. Nusu ya hiyo stori ni ukweli, nusu ni stori za jaba. Diski ni poa, hakuna mtu anakataa. Lakini breki za nyuma zikiwekwa kwa haraka zinaweza kufanya gari ya kitambo ikuwe hatari kuliko vile ilikuwa na dramu zake. Na noma ni kwamba hautaijua ukiwa gereji. Utaijua ukiwa kwa kona ya kushuka Mbooni, gari imejaa maembe, na mvua ndio imeanza.

Hii inawahusu sana wasee wenye ndae zao hazina ekseli ya kiwanda tena. Unajua hizo: Corolla KE70 imewekwa ekseli ya Hilux juu ile ya kwanza ilikuwa inakula hafushafti. Pickup ya kitambo imetafutiwa ekseli nzima Kirinyaga Road. Ama ule buda ameagiza ekseli mpya ya mtindo wa Ford inchi 9 kutoka Marekani. Ekseli ikishabadilishwa, swali linalofuata ni breki. Hapo ndipo watu wanaharibu.

Wacha tuichambue pole pole. Shika chai.

Breki ni mashine ya kutengeneza joto

Watu wengi hudhani breki inazuia tairi, basi. Enyewe kazi ya breki ni kugeuza mwendo wa gari kuwa joto, alafu kulitupa hilo joto kwa hewa. Breki yenye haiwezi kutupa joto inachoka.

Chukua mfano. Gari na mzigo wake ni kilo 1,500. Umetoka juu ya mlima ukashuka hadi bonde lenye liko mita 400 chini yako. Kama breki ndizo zimefanya kazi yote, zimemeza karibu megajuli 5.9 za joto. Hiyo inatosha kutoa lita 17 za maji kutoka nyuzi 20 hadi yachemke. Yaani jerikeni ya lita 20 yenye haijajaa sana, imechemka ndani ya magurudumu yako manne. Sasa ongeza magunia ya machungwa na wasee watatu wamekaa juu yake.

Spidi nayo ni ngori ingine. Ukitoka 60 hadi 100 kwa saa, spidi haijafika hata mara mbili, lakini kazi ya breki imepanda karibu mara 2.8. Barabara ya Kibwezi kupitia Mutomo hadi Kitui ilikuwa vumbi kitambo, gari haingeweza kukimbia hata ukitaka. Sai ni lami. Gari ni ile ile ya zamani, breki ni zile zile, lakini mguu wa dere umebadilika.

Dramu na diski: nani anashinda nani?

Dramu ni kama sufuria imefunikwa. Viatu vya breki viko ndani, vinasukumwa kwa nje vishike ukuta wa dramu. Joto linafungiwa humo. Dramu ikipata moto inapanuka na kuhepa viatu, ndio maana pedali inaanza kushuka chini ukiwa katikati ya mteremko. Maji yakiingia yanakaa humo, na breki inakuwa tupu mpaka yakauke.

Diski iko wazi. Upepo unaipiga pande zote, joto linatoka. Ikipata moto inapanuka kuelekea kwa pedi, haihepi. Maji yanarushwa nje na mzunguko. Kuangalia pedi kama imeisha ni kutoa tairi tu, hakuna kugonga dramu na nyundo saa nzima.

Lakini usidharau dramu. Iko na ujanja moja: kiatu cha mbele kinavutwa na mzunguko wenyewe kijibane zaidi. Yaani dramu inajisaidia. Diski haina huo msaada, inashika kulingana na vile umeisukuma tu. Kumbuka hiyo pointi, tutairudia kwa hendibreki.

Alafu kuna hili la muhimu kuliko yote: ukikanyaga breki, uzito wa gari unaenda mbele. Pua inainama, mkia unainuka. Magurudumu ya mbele ndio yanafanya kazi kubwa, ya nyuma yanasaidia na kuweka gari iende moja kwa moja. Ndio maana Toyota wenyewe waliiacha Probox na dramu nyuma, na Hilux nyingi pia. Hawakuwa wanabania. Kwa hizo gari, dramu inatosha.

Kwa hivyo kama mbele yako breki ni mbovu, kuweka diski nyuma ni kama kupaka nyumba rangi na paa inavuja.

Makueni na Kitui hazitaki kitu moja

Makueni iko na milima. Mbooni, Kilungu, kushuka kutoka Kikima ama Nunguni na mzigo, hizo ni dakika nyingi za breki bila kupumzika. Hapo joto ndio adui, na hapo diski inalipa doo yake. Kama wewe ni mtu wa kubeba maembe na machungwa kutoka milimani kila msimu, sababu unayo.

Kitui ni stori tofauti. Sehemu kubwa ni tambarare, mchanga, vumbi jekundu, na mito ya msimu. Tiva, Thua, Nzeeu: leo unavuka mchanga mkavu, kesho ni maji. Diski ikiwa wazi inakula huo mchanga. Pedi zinaisha mapema, uso wa diski unachorwa mistari, na zile pini zinazoteleza kwa kalipa zinakwama zikikosa grisi. Jiwe dogo likiingia kati ya diski na bati la kuzuia vumbi, utalia nalo hadi Zombe. Dramu pia inaingiza udongo, lakini inachukua muda, na ukiifungua uisafishe kila baada ya mvua inakutumikia vizuri.

Kwa hivyo dere wa Kitui anayeenda sokoni na ndengu kwa barabara tambarare hahitaji kukimbilia hii kazi. Akiweka diski, asitoe lile bati la vumbi, na afungue pini za kalipa azipake grisi ya joto mara kwa mara.

Na tuseme wazi: hakuna breki ya kukusaidia ndani ya mto uliofurika. Desemba 4, 2021, basi lililobeba wanakwaya lilizama mto Enziu karibu na Mwingi, na zaidi ya watu 30 wakafa. Maji yakiwa juu ya daraja, diski ama dramu, ngoja yashuke.

Kabla ya kununua chochote, pima ekseli

Hapa ndipo ekseli ya kununua inaleta kizungumzungu. Gari ikiwa na ekseli yake ya kiwanda, unauliza spea kwa jina la gari. Ikiwa na ekseli ingine, jina la gari halina maana tena. Ukienda dukani useme "nipe diski za KE70," utapewa kitu hakitaingia. Unafaa kujua ekseli yenyewe ilitoka wapi, alafu upime hivi:

1. Mashimo ya boliti za tairi. Ni mangapi, na yako umbali gani. KE70 iko na boliti 4. Hilux nyingi ziko na 6. Kama mtu aliweka ekseli ya Hilux nyuma, uko na rimu za aina mbili kwa gari moja, na spea tairi moja haitatosha pande zote.

2. Shimo la katikati. Diski inafaa kukaa kwa kile kiduara cha katikati cha hafushafti bila kucheza. Ikicheza, itazunguka ikiwa imeinama, na pedali itakuwa inatetemeka kwa mguu. Watengenezaji wengi wanataka diski isiyumbe zaidi ya karibu milimita 0.1. Kuna geji ndogo ya saa ya kupima hiyo. Fundi wa leith anayo.

3. Mwisho wa ekseli. Nyuma ya dramu kuna sahani imeshikwa na boliti, mara nyingi 4. Hapo ndipo braketi ya kushika kalipa inafungwa. Pima umbali kati ya mashimo hayo, na umbali kutoka uso wa sahani hiyo hadi pale diski itakaa. Hicho kipimo cha mwisho ndicho kinaamua kama kalipa itakaa katikati ya diski ama itakaa upande. Wale wa kuagiza ekseli za Ford inchi 9 huulizwa kipimo hiki kabla ya kitu kingine. Ukikosea kwa milimita 5, braketi ni chuma chakavu.

4. Vile hafushafti inashikwa. Kwa ekseli nyingi za Toyota, beringi imebanwa kwa hafushafti na presi, na sahani ya breki imefungiwa ndani yake. Kuitoa unahitaji presi ya hidroliki, na ukishatoa, weka beringi mpya, pete mpya na sili mpya. Sili mzee ikivuja, oili ya difu inamwagika kwa pedi na breki ya upande mmoja inakufa.

5. Mchezo wa kuingia na kutoka. Shika hafushafti uivute na kuisukuma. Ikicheza, diski itakuwa inasukuma pedi nyuma kila kona, na ukikanyaga breki mara ya kwanza pedali itashuka. Tengeneza hiyo kwanza.

Kama uko na KE70 ya saloon yenye springi za koili nyuma, kuna njia fupi. Corolla AE86 ya miaka ya 1983 hadi 1987 ni ndugu wa damu, na zile za GT zilitoka Japani na ekseli ngumu yenye diski tayari, boliti 4. Ndio maana wapenzi wa KE70 dunia nzima wanaitafuta. Shida ni kwamba ni adimu, na wenye nazo wanajua. Ukiipata kwa wauzaji wa spea, dai risiti yenye jina la duka. Ekseli yenye haina mwenyewe iko na mwenyewe, na karao anaweza kukuonyesha ni nani.

Kalipa, braketi na rimu

Kosa la kwanza la kila gereji ni kuchukua kalipa za mbele za gari ingine na kuzidunga nyuma, juu ni kubwa na zinapatikana. Angalia hesabu: pistoni ya milimita 54 iko na eneo karibu mara mbili ya pistoni ya milimita 38. Presha ni ile ile, kwa hivyo nguvu ya kubana ni karibu mara mbili. Umeweka nguvu ya mbele kwa mkia wenye unainuka ukikanyaga breki. Tairi za nyuma zitafunga kwanza, na gari yenye imefunga nyuma inataka kugeuka iangalie ilikotoka. Tafuta kalipa zilizotengenezwa kuwa za nyuma.

Braketi isikuwe kipande cha bati kimepindwa na nyundo. Kata chuma kinene cha milimita 10 hivi, kipitishwe kwa mashine, kifungwe na boliti ngumu zenye zimeandikwa 8.8 ama 10.9 kichwani. Kuchomelea moja kwa moja kwa bomba la ekseli si poa. Joto la weldi linaweza kulipinda, na hautaona kwa macho. Utaona tairi zikiisha upande mmoja na beringi zikilia.

Kabla ya kufunga chochote moja kwa moja, jaribu haya matatu:

Dunga rimu. Ndae nyingi za kitambo ziko na rimu za inchi 13, na kalipa inaweza kuzigusa. Afadhali ujue sai kuliko baada ya kulipa fundi.

Inua na ushushe ekseli yote. Iache ining'inie, alafu ibane juu kama imebeba mzigo. Kalipa isiguse shoku ama springi. Hosi ya breki isivutike wala isisuguane na kitu. Hosi iliyokuwa inatosha dramu inaweza kuwa fupi kwa diski.

Angalia nipo ya kutoa hewa iko upande gani. Inafaa kuwa juu kabisa ya kalipa. Ikiwa chini, umebadilisha ya kulia na ya kushoto. Utatoa hewa hadi jioni na haitaisha, juu hewa hukaa juu na nipo iko chini. Hii imemaliza mafundi wengi wikendi.

Mafuta ya breki: hapa ndipo gari inaokoka ama inageuka

Ukishafunga chuma, uko nusu ya kazi. Nusu ingine iko kwa paipu.

Masta silinda. Diski inahitaji mafuta mengi kuliko dramu ndogo. Masta silinda ikiwa ndogo, pedali itaenda chini sana. Ukiweka kubwa, pedali inakuwa fupi lakini ngumu, mguu unafanya kazi zaidi. Unatafuta katikati, si kubwa kuliko zote dukani.

Valvu ya kubakisha presha. Gari zingine za kitambo ziko na valvu ndogo inayoacha presha kidogo kwa laini ya dramu, karibu psi 10. Diski haitaki hiyo. Ukiiacha, pedi zitakuwa zinagusa muda wote, diski itapata moto hata kwa tambarare, na utadhani mafuta ya petroli yanaibiwa.

Valvu ya kugawa presha. Hii ndio inaokoa maisha. Inakaa kwa laini ya nyuma na inapunguza presha ili tairi za mbele zifunge kwanza kabla ya za nyuma. Kuna ya kurekebisha kwa mkono. Weka moja tu, kwa laini ya nyuma tu. Ukiweka kwa laini ya mbele umejinyima breki zenye zinafanya kazi kubwa. Gari zenye laini zimepita msalaba, mbele kushoto na nyuma kulia, hazitumii mpango huu wa valvu moja. Nyingi za kuvutwa na tairi za mbele ziko hivyo, kwa hivyo fuata paipu na macho kabla ya kukata.

Pickup kama Hilux ziko na ujanja zaidi: valvu yenye fimbo imeshikana na ekseli. Mzigo ukiongezeka, gari inashuka, fimbo inasukumwa, na nyuma inapata presha zaidi. Gari tupu, presha inapungua. Sasa fikiria vile watu wa Ukambani hufanya: wanaongeza majani ya springi ili gari isilale ikibeba mchanga ama kokoto. Gari inakaa juu hata ikiwa imejaa, valvu inadhani iko tupu, na inanyima nyuma breki saa ile inahitajika kabisa. Wengi wanalaumu dramu hapo, wanaenda kununua diski, na shida ilikuwa fimbo ya kurekebisha. Angalia hiyo kabla ya kutoa chapaa.

Mafuta yenyewe. DOT 3 mpya huchemka kuanzia nyuzi 205, lakini ikishanyonya unyevu hadi kiwango cha majaribio, inaweza kuchemka kwa 140. DOT 4 ni 230 mpya na 155 ikiwa imenyonya. Mafuta yakichemka yanatoa mvuke, mvuke unabanwa kama sponji, na pedali inaenda hadi sakafu. Badilisha yote kila miaka miwili hivi. Usichanganye na oili ya injini ama ya gia, inafurisha raba zote za breki. Na maji? Hapana, msee. Hata kidogo.

Hendibreki: usiisahau

Unakumbuka dramu inajisaidia? Hapo ndipo hendibreki yake ilipata nguvu. Diski haina huo msaada, kwa hivyo watu wengi wakimaliza kazi wanapata gari inasimama vizuri lakini ikipakiwa kwa mteremko inateleza pole pole.

Kuna njia mbili za kawaida. Ya kwanza ni kalipa yenye mkono wake wa kebo, ule unaosukuma pistoni. Ya pili ni diski yenye dramu ndogo imejificha katikati yake, ya kazi ya kupaki pekee. Hiyo ya pili inashika vizuri kwa mlima, lakini unafaa kupata seti nzima, pamoja na sahani zake. Zote mbili zinataka kebo ya urefu sawa na mvuto sawa na ule wa mkono wako ndani ya gari.

Wengine wanaacha hendibreki kabisa na kutegemea gia na jiwe nyuma ya tairi. Jiwe ni msaidizi mzuri, makanga wa Ukambani wote wanajua. Lakini jiwe si breki. Kebo ikikatika ama gia ikitoka, pickup ya maembe inashuka sokoni bila dere. Sheria ya trafiki nayo inataka breki ya kupaki ifanye kazi, na gari ya biashara ikienda ukaguzi wa NTSA, jiwe halihesabiki.

Kujaribu kabla ya kubeba mtu

Umemaliza. Usiende kupiga luku tao kwanza.

Toa hewa ukianza na gurudumu lililo mbali zaidi na masta silinda, isipokuwa kitabu cha gari yako kinasema tofauti. Kanyaga pedali kwa nguvu dakika nzima injini ikiwa imewaka. Ikishuka pole pole, kuna mahali panavuja. Angalia kila nati ya paipu na tishu kavu.

Pedi mpya zinahitaji kuzoea diski. Tafuta barabara haina watu. Punguza spidi kutoka 60 hadi 20 mara 10 hivi, bila kusimama kabisa, na uache nafasi kati ya kila moja. Alafu endesha bila kukanyaga sana hadi zipoe. Usisimame ukiwa umekanyaga breki zikiwa moto.

Sasa jaribio kubwa. Anza valvu ikiwa imepunguza nyuma kabisa. Nenda murram tambarare, gari tupu, spidi 30, mtu mmoja amesimama mbali kando akiangalia tairi. Kanyaga kwa nguvu. Mbele zinafaa kufunga kwanza. Ongeza nyuma kidogo, rudia. Ikifika mahali nyuma zinafunga kwanza, rudi nyuma na uache hapo. Alafu jaribu tena na mzigo, na tena kukiwa kumenyesha. Usiseti na gari imejaa peke yake, juu siku utaendesha tupu kwa mvua ndio mkia utakupita.

Mwisho, paki kwa mlima, pua juu, alafu pua chini. Hendibreki ikishika pande zote mbili, sasa unaweza kuita watu.

Kwa hivyo uende ama usiende?

Kabla ya kutoa doo, kuna vitu vitatu karibu bure. Weka mafuta mapya ya breki. Fungua dramu uangalie kile kifaa cha kujirekebisha, gari nyingi za kitambo zinalaumiwa na kumbe hicho kilishika kutu kitambo. Angalia kipimo cha mwisho chenye kimeandikwa kwa dramu. Ikiwa imepita, nunua ingine, kazi imeisha.

Cha tatu ni kuacha ile tabia ya kushuka na fri ati unasevu petroli. Kushuka Mbooni na gia ndogo kunatoa joto kwa breki kuliko diski yoyote utanunua, na hakuna fundi utalipa. Injini inakushikia gari, breki zinapumzika, na ukifika kona mbaya bado unazo.

Kama umefanya hayo yote, bado unabeba mzigo kwa milima kila wiki, mbele yako breki ziko fiti, na ekseli yako umeipima, basi weka diski. Weka bajeti ya kazi nzima: kalipa, diski, braketi ya mashine, beringi, sili, hosi, valvu, kebo ya hendibreki na mafuta. Kama doo inatosha kalipa na diski pekee, weka kwa M-Pesa ungoje. Gari yenye iko na nusu ya mpango wa diski ni mbaya kuliko gari yenye iko na dramu nzima.

Na ukisikia fundi anakwambia atafunga yote leo jioni bila kupima kitu, mwambie unaenda kununua chai kidogo. Alafu chukua funguo zako uhepe.